Waliomtemesha Mwandawiro Hasira

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulikuwa umekaa juu ya magunia ya kabichi kwenye lori la kwenda Voi, na dereva alipopunguza mwendo pale Kona ya Mwewe ulitazama mtaroni ukaona watu wamezama matopeni hadi magotini, wanayachota kwa karai. Ukavuta leso ukaziba pua. Kisha ukageukia upande wa bonde, ukawa kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotelea kule ng'ambo. Mmoja wa wale waliokuwa mtaroni alikuwa Mwandawiro, nyapara wetu. Mwingine alikuwa mimi, Kituku. Nilikusalimia. Hukuitika.

Siandiki ili unipe pole. Pole za watu nazijua, hutolewa mlangoni, na mlango wenyewe umeshafungwa nusu. Naandika kwa sababu Jumatano hii kuna baraza Mwatate, na masika hayako mbali, na naona mmeanza kusahau yaliyotokea vuli iliyopita. Mimi kusahau sikujaliwa.

Genge letu la barabara lilikuwa na kambi chini kidogo ya Wusi, vibanda vya mabati vilivyotuchoma mchana na kutugandisha alfajiri. Tulikuwa watu wa serikali, ingawa kwa kututazama usingedhani. Wengi walikuwa Wataita wa hapo hapo mlimani. Mimi nilitoka Ukambani, nikaja na reli mpaka Voi, na njaa ikanipandisha mlima. Kazi yetu ilikuwa maji. Wewe unadhani barabara ya mlima hutunzwa kwa mawe na udongo. Hutunzwa kwa kuyaonyesha maji pa kupita. Ukiyaacha yachague yenyewe yatachagua barabara, maana hata maji hupenda njia nyepesi, kama watu. Kwa hiyo kuna mtaro ubavuni, na penye kona kuna kalavati, lile bomba la saruji linaloyavusha maji chini ya barabara na kuyatupa bondeni. Kalavati likiziba, maji hupanda juu. Yakipanda juu, barabara inaondoka. Basi. Hakuna elimu nyingine hapo, na aliyesema haelewi alikuwa hataki kuelewa.

Na watu wa Wusi, niwape haki yao, wanayajua maji kutuzidi. Wanayaongoza kutoka shamba hadi shamba kama mtu anayechunga ng'ombe. Ila wana tabia moja. Mvua zikianza kwa manyunyu, mtu hukata gogo la mgomba, akalilaza mdomoni mwa kalavati, ili maji ya barabara yageuke yaingie kwenye kabichi zake. Kabichi zikishashiba, gogo husahauliwa pale pale. Pale Kona ya Mwewe gogo lilikuwa la Hudson, mzee wa kanisa, ndugu mkubwa wa Mwandawiro, baba mmoja mama mmoja.

Kila asubuhi ya mvua Mwandawiro alikuwa akiling'oa gogo lile kwa mtaimbo na kulibiringisha hadi ukingoni. Kisha hupaza sauti kuelekea nyumba iliyo juu ya barabara.

"Shemeji! Mtoto wako amelala barabarani tena!"

Mable, mke wa Hudson, huchungulia kutoka jikoni. "Mwache alale, shemeji, hajamaliza kunywa!"

"Huyu atatunywa sote!"

"Na nyie mna kazi gani nyingine? Serikali imewaajiri mshikilie mabeleshi yasianguke!"

Tunacheka. Tunacheka kweli, maana mwanamke yule alijua kutania, na mtu akikutania alfajiri angalau amekuona. Mwandawiro mwenyewe hakuwa mpole, usije ukamfanya malaika. Alikuwa na mdomo. "Mkamba," alikuwa akiniambia, "laiti jembe lako lingechongwa kama meno yako." Nami namjibu kwamba Wataita walipewa milima kwa sababu hakuna aliyewaamini na tambarare. Halafu tunainama tunachimba. Kesho yake Hudson analaza gogo jipya, na Mwandawiro analing'oa. Hakuna aliyeona kuwa ni vita. Ilikuwa kama kufagia uwanja. Unafagia, majani yanaanguka, unafagia tena, na mpita njia akikuta uwanja safi anadhani ulizaliwa hivyo.

Kisha likaja lile baraza la kiangazi, mwaka jana, kwenye uwanja wa shule. Ulikuwepo. Chifu alisimama, na kando yake Bwana Barabara, Mzungu wa ofisini, amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia juu ya goti. Chifu akasema serikali imeona kwamba watu wa Wusi wameendelea, na watu walioendelea hawangoji kufanyiwa kila kitu. Kila mtaa utasafisha mtaro unaopita mbele yake, Jumamosi, kwa umoja, na genge la barabara litafungwa. Kwa wema huo serikali italeta mabati ya kuezekea darasa jipya.

Watu wakapiga makofi. Mwandawiro akasimama bila kuitwa.

"Chifu, na nyinyi wakubwa, nauliza. Maji yakishuka Jumanne, yatangoja Jumamosi?"

Watu wakaangua kicheko. Chifu naye akacheka, kisha akaacha.

"Kaa chini, nyapara. Unatetea ugali wako."

"Natetea ugali wangu, ndiyo. Kwani wewe hapo umesimama kwa ajili ya upepo?" Kicheko kikazidi, na Bwana Barabara akauliza kumesemwa nini, hakuna aliyemfasiria. "Lakini natetea na barabara. Mtaa wa chini ukisafisha na mtaa wa juu usisafishe, alaumiwe nani? Maji hayajui mpaka wa mtaa. Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni hii, akiamka hana nyingine, na asipoifanya mnalijua jina lake. Leo mkikuta shimo mnaniita mimi, mnanitukana mimi, na ni haki yenu. Kesho mtamtukana nani?"

Nilidhani ameshinda, maana niliona vichwa kadhaa vinatikisika kwa kukubali. Chifu akashusha sauti, akawa kama anazungumza na mtoto.

"Maneno haya ya kusimama-simama umeyatoa wapi? Kwa huyo Mkamba wako anayesoma magazeti ya kufungia sukari? Siku hizi watu wa maneno wana kambi yao pale Manyani. Nafasi bado zipo."

Ilikuwa miaka hii hii ya Emajensi, na Manyani ndiko serikali ilikowafungia watu bila kesi. Vichwa vilivyokuwa vinatikisika vikasimama. Hudson akainuka, akavua kofia yake ya kanisani. "Chifu, samahani. Ndugu yangu ana hasira tu. Tumwombee."

Tumwombee! Mtu amesema jambo la maji na saruji, amejibiwa kwa maombi.

Chifu akaita mikono. Ikainuka. Niligeuza shingo polepole nikamtazama kila mmoja, na mkono wako ulikuwepo. Hukuuinua juu sana, nakubali. Uliuinua usawa wa sikio, kama mtu anayejikuna. Ulihesabiwa hivyo hivyo.

Mabati yalikuja, sisemi uongo. Darasa likaezekwa, likang'aa hata ukiwa mbali. Na Jumamosi ya kwanza watu walijitokeza wengi, na nyimbo, na chai kwenye debe, chifu akapita akiwapungia mkono. Jumamosi iliyofuata wakaja wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa na mkutano. Iliyofuata kulikuwa na harusi. Baada ya hapo kila mtaa ukawa unachungulia kwanza uone kama mtaa wa juu umetoka, na mtaa wa juu unachungulia wa chini, na mtaro katikati unaota majani.

Sisi tulitawanyika. Thadeus, jitu lile lililokuwa likibeba mawe kama vikapu, alirudi kwenye mihogo ya mama yake. Mwandawiro alinihifadhi mimi kwake, nikilala jikoni, nikipata vibarua vya kupakia kabichi kwenye lori la Kiilu, Mkamba mwenzangu wa Voi. Mwandawiro mwenyewe alilima kishamba chake akanyamaza. Akipita barabarani alitembea katikati kabisa, mbali na mtaro, kama mtu anayempita mke aliyeachana naye.

Manyunyu ya vuli yalipoanza, gogo likalazwa Kona ya Mwewe kama kawaida. Tuliliona wote wawili. Nikamwuliza, "Twende tulitoe?"

"Nikilitoa bure," akasema, "watasema, si mnaona? Halikuhitaji mtu wa kuajiriwa. Liache, Kituku. Kuna Jumamosi."

Jumamosi haikuja na mtu.

Halafu mvua ikaja kwa hasira zake yenyewe, ikapiga tangu magharibi, na asubuhi Kona ya Mwewe haikuwepo. Palikuwa na korongo la udongo mwekundu, barabara upande huu na barabara upande ule, na katikati mahali ambapo mtu angeweza kutupa nyumba nzima isionekane. Lori la Kiilu lilikuwa limekwama upande wa juu, limejaa kabichi za kwenda kupanda treni Voi. Kiilu alikuwa amesimama ukingoni akitukana kwa Kikamba, na ni mimi peke yangu niliyeelewa, na sitafasiri.

Asubuhi hiyo hiyo Lois, binti wa Hudson, alikuwa katika uchungu wa kuzaa tangu juzi yake. Mumewe alikuwa Voi kwenye kazi ya reli, naye alikuja kuzalia mimba yake ya kwanza kwa mama yake. Mkunga wa mtaa alikuwa amefanya alilojua, kisha akanawa mikono akasema apelekwe hospitali ya Wesu, na upesi. Wesu iko juu. Njia ya kwenda juu ilikuwa Kona ya Mwewe.

Sasa ungedhani watu watakimbilia majembe. Walimkimbilia Mwandawiro, lakini si kwa ajili ya jembe.

Alikuja mama yake mwenyewe, bibi Wakesho, anashikwa mkono na Mable, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Hakutaka kuketi.

"Mwanangu, mtoto hatoki. Kuna moyo umefunga njia."

Nieleze kidogo, kwa atakayesoma haya naye si wa milima hii. Kwa Wataita hasira ya ndugu si mali ya ndugu peke yake. Ikikaa moyoni huenda ikamtia mtoto ugonjwa, ikafunga uzazi, hata kama mwenyewe amelala. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hupewa kinywaji mbele ya watu, akakijaza mdomoni, akakitema kwa kukinyunyiza, na pamoja nacho akatema kinyongo chake kwa maneno. Akishatema, haruhusiwi kukirudisha. Akikirudisha, ni kama amemmaliza mgonjwa kwa mkono wake. Kanisani wamekataza jambo hili, na aliyelikataza kwa kugonga meza alikuwa Hudson.

Tulipofika uwanjani kwake, Hudson alikuwa amesimama kando, ametupa mgongo, anatazama kabichi zake. Ndivyo alivyochagua kutokuona. Majirani walikuwa wamejaa. Ndani tulimsikia Lois akiguna kama mtu anayesukuma gari.

"Mama," Mwandawiro akasema, "barabara imekatika. Niache nikusanye watu."

"Kwanza moyo."

"Moyo wangu haukukata barabara."

"Sikuulizi barabara. Nakuuliza moyo. Uliinuka barazani ukiwa na hasira na mwenzio wa tumbo moja, na hujaingia nyumbani kwake tangu siku ile. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi."

"Mama, kalavati—"

"Baba mdogo!" Lois akapiga ukelele kutoka ndani. "Baba mdogo, wape wanachotaka!"

Nilimwona Mwandawiro anavunjika. Si maneno ya mama yake yaliyomvunja, ni huyo. Mable akamletea maji katika kikombe cha bati, amepiga magoti, yeye aliyekuwa akitutania kutoka jikoni, na hakuwa na mzaha wowote usoni. Mwandawiro akajaza kinywa, akanyunyiza kizingitini.

"Nilikuwa na hasira na kaka yangu kwa mkono alioinua. Itoke." Akajaza tena. "Na majirani, na chifu, na wanaotuita wafungwa wasio na askari. Itoke." Akanyunyiza mara ya mwisho. "Lois azae. Sina neno tena juu ya mtu."

"Imetoka," akasema bibi Wakesho, na uwanja mzima ukapumua.

Na unajua walichofanya baada ya kupumua? Waliketi. Naapa. Mmoja akavuta kigoda, mwingine akaegemea ukuta, Mable akaambiwa ainjike chai. Wakaketi wakangoja maji yaliyotemwa yafanye kazi.

"Mnangoja nini?" Mwandawiro akawauliza. Akanigeukia. "Kituku, waite."

Nikakimbia. Sikuhitaji kueleza sana. Thadeus nilimkuta kwenye mihogo akafuata na jembe lake begani, na wengine wa genge wakatoka nyumba moja moja. Mabeleshi na mitaimbo ilikuwa imerudishwa ofisini zamani, kwa hiyo tulikuja na majembe ya nyumbani na mapanga. Tukakata miti miwili, tukafunga blanketi, ikawa machela. Lois akalazwa. Hudson, nimpe haki yake, alishika pembe moja ya mbele.

Kule konani tukaanza kukata ngazi kwenye udongo, utelezi mtupu, unakata na inaporomoka, unakata tena. Nyinyi mlikuwa ukingoni, mmejifunika magunia kichwani. Wengine mlisema "Polepole hapo." Na chini kabisa, miguuni petu, lilikuwa lile bomba la kalavati limelala ubavu, na mdomoni mwake, limebana kama gunzi kwenye kibuyu, gogo la mgomba.

Kila mtu aliliona. Hudson aliliona. Mwandawiro aliliona. Akanyanyua uso, akamtazama kaka yake, akafungua mdomo. Naujua mdomo ule. Nilikaa tayari kwa neno ambalo lingesikika mpaka Mwatate. Akaufunga. Akainama akaendelea kukata udongo.

Alikuwa ameshatema. Kama angesema, na Lois akafa, angekuwa yeye aliyemuua. Walimtoa hasira, na ulimi ukatoka pamoja nayo.

Mimi hawakunitoa kitu.

"Mzee Hudson," nikasema, "gogo lako hilo."

"Mkamba, nyamaza. Huu si wakati wake."

"Wakati wake ulikuwa lini? Barazani?"

"Kituku." Ilikuwa sauti ya Mwandawiro, na hakuinua kichwa. "Shika mguu wa machela."

Nikashika.

Tulimvusha kwa mikono, mtu kwa mtu, miguu imezama, matope yakituingia mdomoni. Katikati ya korongo Lois akafumbua macho akamwona Thadeus juu yake kama kabati. "Thadeus, ukiniangusha, mtoto nitamwita jina lako."

"Usinitishe, dada. Jina langu halina bahati, sikuangushi."

Akacheka, maskini, halafu uchungu ukamkata kicheko.

Upande wa juu Kiilu alikuwa ameshatupa kabichi zote bondeni bila kumwuliza mwenye mali, ametandika magunia na majani ndani ya lori. "Leteni huku, leteni! Mnaogopa nini, kwani ni yai?" Akaligeuza lori mahali ambapo hata mbuzi angefikiri kwanza, akaondoka na Lois na mama yake. Sisi tukabaki ukingoni, na mvua ikaanza upya.

Lois alipona. Mtoto alitoka amekufa, mvulana. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali aliyempokea, alimwambia Kiilu kwamba wangefika mapema mambo yangekuwa mengine. Kiilu akaniambia mimi. Mimi nakuambia wewe.

Jumapili Hudson alisimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru daktari wa Wesu na dua za waumini. Akashukuru hata mabati, kwamba mvua kubwa vile haikuwalowesha watoto darasani. Mimi nilikaa nyuma nikingoja neno moja juu ya wale waliozama hadi mapajani. Thadeus alikuwa kando yangu, amevaa shati lake la pekee, amelifunga vifungo mpaka shingoni kama mtu anayetarajia kuitwa asimame. Wimbo ukaanza. Tukatoka.

Na njiani ndipo niliposikia hesabu yenyewe. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake: "Lois ameokoka kwa sababu baba yake mdogo alitema."

"Na mtoto je?"

"Hakutema yote. Iliyobaki ndiyo iliyomchukua."

Umesikia? Aliyepona aliponywa na maji ya kikombe. Aliyekufa aliuawa na Mwandawiro. Mgomba hauko katika hesabu hiyo. Mikono iliyoinuka haimo, wala ofisi iliyofunga genge, wala mtaro ulioota majani. Miguu yetu haimo. Mnajua kutafuta kosa ndani ya moyo wa mtu, mpaka chini kabisa, kwa tochi; lakini bomba la saruji lililolala mbele ya macho yenu hamlioni.

Neno hilo lilitembea. Watu wakaacha kunywa maji nyumbani kwake. Watoto wa jirani wakaitwa ndani anapopita. Mama yake alimpokea, lakini alimpokea akitazama moto. Naye hakuweza kujitetea, kwa kuwa kila neno la kujitetea lingekuwa ushahidi kwamba hasira bado imo. Umewahi kuona kamba iliyofungwa vizuri namna hiyo? Mtumishi akinyamaza, anasahauliwa. Akisema, ana hasira. Akiwa na hasira, balaa lote ni lake.

Akaamua kwenda Mboghoni, kule Taveta, kuchimba mifereji ya watu wasiomjua. Nilimsindikiza kwa miguu hadi Mwatate. Tulipita chini ya Kona ya Mwewe kwa njia ya mbuzi, hakutazama juu.

"Sema basi," nikamwambia. "Hapa tuko wawili tu. Mtukane hata mara moja."

"Lois bado hajapata nguvu," akasema.

Tukatembea. Penye njia panda akaweka furushi chini, akanitazama kwa ule utani wake wa zamani, au kilichobaki.

"Mkamba, wewe hukutema kitu."

"Hakuna aliyeniletea kikombe."

"Basi," akasema, akachukua furushi lake akaenda.

Ni kweli. Hasira ya Mkamba wa genge haimfungi mtu uzazi, haimtii mtoto wa mtu ugonjwa, haina ndugu. Haikustahili hata kikombe cha maji. Kwa hiyo ninayo yote, haijapungua tone, nimekaa nayo hapa Voi, na nimeamua nikugawie.

Korongo bado liko wazi. Watu wa Wusi wanabeba kabichi kichwani, na wagonjwa mgongoni. Na sasa nasikia chifu atawaomba Jumatano mjitolee tena, mlijaze kwa umoja, na kwamba ofisi imependezwa mno na maendeleo yenu hata inafikiri kumwondoa na dresa wa zahanati na mtunza bomba la maji. Watu walioendelea watajifunga vidonda wenyewe.

Najua moyo wako. Utachukua jembe, uende ukasaidie siku moja, urudi na malengelenge yako umeridhika. Liache jembe nyumbani. Ukienda nalo umeshawajibu kwamba genge halihitajiki. Nenda mikono mitupu, usimame bila kuitwa kama alivyosimama yeye, useme: turudishieni genge letu la barabara, na nyapara wake yuko Mboghoni, jina lake Mwandawiro, aitwe. Dresa abaki. Mtunza bomba abaki. Chifu akitaja Manyani, tazama kulia na kushoto uone kama kambi ile inaweza kuwameza wote mliosimama. Akiuliza nani anasema, taja jina lako. Na akiita mikono ya wanaolitaka genge, uinue wako juu safari hii, juu ya kichwa, kwa ajili ya mtu aliyeuinamisha mgongo wake kwa ajili yako.

Aliye mlimani ashuke kwa miguu, njia ya mbuzi anaijua. Aliye Voi, Kiilu anatoka sokoni Jumatano jua likichomoza, kwa lori la kuazima maana lake bado liko juu ya korongo, nimeshamwambia, hatatoza nauli. Nafasi iko pale pale ulipokaa, juu ya magunia. Mimi nitakuwa pale na nitakusalimia.

Itika. Panda.